Wamelipamba jarida langu, wakayazika maneno yake

Nilisema nitaandika hasira ikipoa. Wiki zimepita, haijapoa, kwa hiyo naandika nayo.

Niliipa studio moja ya usanifu kazi ya kuniundia jarida jipya la mashabiki wa roki ya indie, yaani muziki wa lebo huru zisizo za makampuni makubwa. Toleo la kwanza, kurasa 64, kuanzia herufi za jina juu ya jalada hadi namba za kurasa. Studio yenyewe sitaitaja. Ukiniuliza leo kama uwape kazi yako, nakujibu: usiwape. Huko mbele utaniona nalegeza kidogo, maana kuna jambo moja walilifanya vizuri kuliko nilivyotarajia, lakini nianzie panaponiuma.

Panaponiuma ni ukurasa wa 14 na wa 15.

Hapo palikaa mahojiano na mpiga dramu wa bendi ya watu watatu ambayo mashabiki wake wanaijua kwa ukimya. Hawapendi kuhojiwa. Yeye alikubali baada ya kumwandikia mara nyingi, na siku tulipoketi alizungumza karibu saa tatu nzima. Alinieleza jinsi sikio lake la kushoto lilivyoanza kufa baada ya miaka mingi ya kukaa ubavuni mwa matoazi, jinsi alivyowaficha wenzake, na jinsi alivyojifunza kulifuata gitaa la besi kwa mtikisiko unaompanda kupitia kiti alichokalia. Alisema hajawahi kumweleza mwandishi yeyote habari hizo. Tulipoagana aliniomba jambo moja tu: "Yaandike kama nilivyoyasema." Niliyaandika kama alivyoyasema. Nilirudia kusikiliza rekodi ile mpaka nikajua anapumua wapi.

Studio ikayachukua maneno hayo ikayamwaga juu ya picha ya dramu gizani, picha iliyojaza kurasa zote mbili hadi ukingoni. Herufi nyeupe, nyembamba kama uzi, ukubwa wa pointi 7. Kwenye kompyuta palipendeza sana, nakiri. Skrini inawaka kutoka ndani, kwa hiyo herufi nyeupe kwenye weusi wake zinang'aa kama taa. Karatasi haina taa. Kwenye karatasi, weupe ni mahali ambapo wino haukufika tu, na wino hupenda kusambaa.

Weusi ule waliutengeneza kwa kuchanganya rangi zote nne za uchapaji: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Kila rangi ina pleti yake mtamboni, yaani bamba linalopiga chapa rangi hiyo, na zote nne lazima zitue mahali pamoja. Moja ikiteleza hata kwa unene wa unywele, wino wake unaingia ndani ya herufi. Ongeza hapo karatasi niliyoichagua mimi mwenyewe, isiyo na mng'aro, inayonywa wino na kuutanua, kwa sababu nilitaka mkono wa msomaji uhisi kitu kinachofanana na vijarida vya mashabiki vya zamani. Basi tumbo la kila e limezibwa. O zimekuwa madoa. Mistari mingine imebaki vumbi la kijivu. Aya ya sikio la kushoto haisomeki kabisa. Ile ya kiti na mtikisiko inasomeka nusu, kisha inazama kwenye mkunjo wa kati, kwa sababu safu ya pili waliisukuma mpaka kwenye gundi ya mgongo.

Na hii si elimu ya siri. Mtu aliyekaa kiwandani kwa wapiga chapa wiki mbili atakwambia: ukitaka herufi ndogo nyeupe kwenye weusi, nyuma yake weka wino mweusi peke yake, nenepesha herufi, ongeza ukubwa. Tena waliambiwa! Nilikuja kulijua baadaye, kutoka kwa mtu wa mtamboni mwenyewe. Aliziona kurasa zile kabla ya kutoa pleti, akaipigia simu studio, akauliza kama wana hakika. Wakamwambia aendelee. Mimi mwenye jarida, hakuna aliyenipigia.

Nikaenda ofisini kwao na nakala mkononi. Sikwenda kugombana. Nilimfungulia msanifu mkuu ukurasa wa 14, nikamwomba anisomee aya ya kwanza kwa sauti. Akaishika, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaielekeza huku na kule, akairudisha mezani. Kisha akaniambia, kwa upole wa mtu anayemwelewesha mtoto: "Ndugu yangu, hao mashabiki wako hawasomi. Wanaangalia."

Nimeshaambiwa maneno makali maishani. Hakuna lililonikaa kooni kama hilo.

Hawasomi? Mashabiki wa indie? Hao ndio wanaogeuza jalada la rekodi na kulisoma mgongoni kabla hata ya kuiweka sahani kwenye gramafoni. Jina lenyewe la muziki huu limetoka huko, kwenye maandishi madogo ya nani ametoa na nani amesambaza. Uingereza ilipoanza kuchapisha chati za rekodi huru, Januari 1980, kilichoingiza rekodi humo hakikuwa mlio wa gitaa. Ilikuwa ni njia iliyopitia kumfikia mnunuzi, kwamba haikusambazwa na makampuni makubwa. Sikio halikwambii hilo. Unalisoma.

Na kabla ya hapo, mwaka 1976, Mark Perry aliandika Sniffin' Glue, kijarida cha mashabiki wa punk, kwa taipureta, vichwa vya habari akavichora kwa kalamu nene, akatoa fotokopi. Lebo ya Sub Pop ilianza kama kijarida cha shabiki mmoja, Bruce Pavitt, huko Olympia nchini Marekani, kabla haijawa lebo ya kuuza rekodi. Mwaka 1986 NME, gazeti la muziki la Uingereza, ilipotoa kaseti ya C86 yenye bendi 22, walioiagiza kwa posta walikuwa wasomaji wa gazeti. Wasomaji! Vijarida vile vingi vilikuwa vibaya vya sura, vimepinda, vimejaa makosa ya chapa, lakini watu walivisoma mpaka vikachanika.

Sikuyasema yote hayo pale ofisini. Nilisema machache, tena sauti ikitetemeka. Naye akanijibu kwa kunitajia msanifu David Carson na jarida la muziki la Ray Gun, kana kwamba nimezaliwa jana.

Ray Gun naijua. Ilianza mwaka 1992, na Carson alivunja kila kanuni ya ukurasa ndani yake, nami nilipoona kurasa zake mara ya kwanza nilipata hamu ya kutengeneza jarida. Naijua pia ile habari ambayo kila msanifu mvivu hujifunikia: mwaka 1994 Carson aliyachukua mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry akayapanga yote kwa Zapf Dingbats, fonti ya alama na vinyota, hata neno moja lisisomeke. Sawa. Ila alifanya vile kwa sababu aliona mahojiano yenyewe yanachosha, maana yake aliyapima kwanza. Na maneno yote yakachapishwa tena nyuma ya toleo lile lile, kwa herufi za kawaida, kwa anayetaka kusoma. Huo ni uamuzi. Mahojiano yangu mimi yalizama kwa uzembe, na hapakuwa na ukurasa wa nyuma wa kuyaokoa.

Nikamuuliza: "Wewe uliyasoma mahojiano haya?" Akasema studio yao huwa inasoma kila kitu.

Hapo nikamwonyesha nukuu kubwa. Ndiyo maandishi pekee yanayosomeka kwenye kurasa zile mbili, herufi nene zilizokatiza picha kutoka kushoto hadi kulia, na chini yake jina la mpiga dramu. Nukuu ile si maneno yake. Ni swali langu. Mimi ndiye niliyemuuliza kama kuna usiku alitamani kuacha muziki kabisa. Wao walikata alama ya kuuliza, wakaondoa maneno mawili, wakamvisha yeye. Kwa hiyo shabiki anayefungua pale anamwona mtu huyu akitangaza kwamba anatamani kuacha muziki, wakati jibu lake halisi, lililozama kwenye wino hapo chini, lilikuwa hapana, hata usiku mmoja.

Msanifu aliitazama kwa muda. "Hilo tutalirekebisha kwenye toleo la pili," akasema. Wala hakuomba radhi. Msaidizi wake aliyekuwa meza ya pembeni ndiye aliyeinamisha kichwa, na kwa huyo sina neno.

Sasa haki yao, maana nisipoisema nitakuwa mwongo. Jalada lile ni zuri mno. Waya wa gitaa umelala sakafuni, umejizungusha, rangi mbili tu, na jina la jarida limechorwa kwa mkono likiufuata mzunguko wa waya. Nilipolitoa kwenye boksi nilikaa chini. Lebo za indie zilitufundisha kwamba mlango wa muziki ni jicho. Kazi za msanifu Vaughan Oliver kwa lebo ya 4AD zilinifanya nitamani kusikia bendi ambazo sikuwahi kusikia noti yao hata moja. Hawa watu wana mkono wa namna hiyo. Kurasa za uhakiki wa albamu nazo ziko safi, lebo na mtayarishaji vimepewa nafasi yake. Walichelewa pia, wiki kadhaa, lakini hilo nililisamehe. Bango la kwanza ambalo msanifu Peter Saville aliisanifia Factory, klabu na baadaye lebo ya muziki ya Manchester, mwaka 1978 lilifika likiwa limechelewa, na leo linatunzwa kama hazina.

Na nina kosa langu. Prufu, nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, niliipitisha kwenye skrini. Nilipaswa kudai prufu ya karatasi, ile ile isiyo na mng'aro, niisome nikiwa nimekaa kama msomaji. Kama unaanza jarida, chukua hilo kwangu: usitie saini kabla hujashika ukurasa mkononi na kuusoma wote, kila neno, hasa lile lililokuzwa.

Nilichofanya ni kuyachapa upya mahojiano yale mwenyewe. Herufi nyeusi, karatasi nyeupe, pointi 10, safu mbili, hakuna picha. Nikatoa fotokopi, nikazikunja moja moja mezani kwangu, nikachomeka moja ndani ya kila nakala iliyokuwa haijauzwa. Usiku kadhaa ulikwenda hivyo. Wasomaji wakaanza kuniandikia. Wengi walisifu jalada, kweli, lakini walioandika kwa kirefu waliandika kuhusu sikio na kiti. Mmoja, mpiga besi, alisema amekisoma kikaratasi kile mara tatu kisha akaenda kukaa karibu zaidi na dramu kwenye mazoezi. Mpiga dramu mwenyewe nilimpelekea cha kwanza kabisa. Akanipigia, akasema: "Sasa haya ndiyo niliyoyasema." Kisha akaniuliza mbona hayakuwa hivi tangu mwanzo. Nilikosa la kumjibu.

Baada ya hapo moyo ulilainika. Nilikuwa nimeshapanga kuandika kwamba hawa ni wasanifu wazuri wenye kasoro moja, nyota tatu kati ya tano, wape jalada, maandishi wape mtu mwingine. Nadhani ningeishia hapo.

Halafu juzi juzi nikaona mahali wanapoonyesha kazi zao wanazojivunia. Sikuona jalada. Niliona ukurasa wa 14 na wa 15. Wameuweka wa kwanza, mkubwa, na kuuita mfano wa namna wanavyoupa muziki sauti kwenye karatasi. Nukuu iko pale pale. Hawakuigusa. Waliniahidi toleo la pili, na sasa wanaitumia ile ya kwanza kutafutia wateja wengine.

Basi nyota tatu nimezifuta. Nabakiza moja kwa ajili ya waya ule wa gitaa, na hata hiyo naitoa kwa shingo upande.

Nimewaandikia mara mbili. Sikuomba fedha. Nimeomba waziondoe kurasa zile, au kama wanazipenda kiasi hicho, basi waondoe jina la mpiga dramu chini ya maneno yangu. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba wameipokea. Ya pili haijajibiwa. Leo asubuhi nimeangalia tena, na swali langu bado limetandazwa juu ya dramu zake, halina alama ya kuuliza, na jina lake liko chini yake.