Harrier Tabora: uagize Japani au uchukue ya mkononi?

Mtu wa Tabora akishajipata, haichukui muda anaanza kuulizia Toyota Harrier "tako la nyani", ile ya toleo la pili. Sasa aagize Japani au achukue ya mtu hapahapa nchini?

Ya kuagiza inatamanisha: haijaonja barabara zetu, na ya mnadani inakuja na karatasi inayoonyesha hadi mikwaruzo. Ila bei ya mtandaoni ni kiingilio tu. Kuna ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, na kwa kuwa injini ya lita 2.4 imevuka cc 2000, ushuru wa bidhaa nao unapanda. Toleo hilo limeshapita miaka 10, kwa hiyo na tozo ya uchakavu inakusubiri. Bado dereva wa kukuletea kutoka Dar, zaidi ya kilomita 800.

Ya mkononi unalipa leo, jioni unapita nayo mtaani. Lakini fumbua macho. Niliwahi kuoneshwa moja pale Cheyo, inang'aa utadhani imeshuka melini jana. Nikainua zulia la buti: vumbi jekundu limeganda mpaka kwenye spea. Ilipowashwa asubuhi ikiwa baridi, ikatoa moshi wa buluu, dalili ya injini inayokula oili. "Baridi tu hiyo, kaka," dalali akasema. Tabora, mwezi wa kumi, baridi!

Hata hivyo mimi ningechukua ya mkononi, ilimradi fundi wangu aikague kwanza na jina kwenye kadi liwe la muuzaji mwenyewe. Chenji inayobaki naiweka kwenye shokapu na matairi.