Purdey yenye karatasi au ile yenye nakshi?

Kwa mkusanyaji wa Nakuru anayechagua kati ya bunduki hizi mbili za kale za marisau, nasema bila kusita: chukua Purdey, ya watengenezaji bunduki wa London. Ile nyingine inapendeza, ubavu mzima umechorwa maua, lakini haina jina la fundi wala karatasi. Umebaki na maneno ya muuzaji tu.

Purdey hii tako lina mikwaruzo, sawa. Ila nambari yake hufuatwa hadi kwenye daftari za kiwanda kule London: iliagizwa na nani, mwaka gani, mitutu ya urefu gani. Pima mitutu yenyewe, maana hubadilishwa. Bunduki ikifunguka yenyewe kwa nguvu ya springi, huo ni mtambo aliobuni Frederick Beesley mwaka 1880.

Leseni ni lazima kwa zote mbili.