Kuchagua Kito cha Maabara kwa Pete ya Sonara wa Lamu

Sonara wa Lamu anayetia kigae cha sahani kuukuu ya Kichina katika fedha, kikatoka pete ya kutamaniwa, ameshathibitisha kwamba uzuri wa pambo hautegemei bei ya kilichowekwa juu yake. Ndiyo maana napendekeza kwa moyo mweupe vito vilivyokuzwa maabara, kwani unafuu wake humpa fundi uhuru wa kujaribu maumbo ambayo asingethubutu kuyajaribu kwa kito cha mgodini.

Nafasi ya kwanza ni ya yakuti, nyekundu au samawati. Mwaka 1902 mkemia Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuyeyusha unga wa oksidi ya alumini katika mwali wa moto mkali hadi utone na kuganda kuwa kito. Kromiamu kidogo ndiyo inayokitia wekundu, kama ilivyo katika yakuti inayochimbwa Tsavo. Ugumu wake ni 9 katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini toka 1 hadi 10 ya almasi, ilhali kwatzi, madini iliyomo mchangani, ni 7 tu, kwa hiyo mtu anayepanda na kushuka mashuani kila siku hataiona pete yake ikififia kwa mikwaruzo. Agiza ikatwe kijiti chembamba cha kidani, au pembetatu ndogo ya kipini. Itazame pia kwa lenzi, kwani mistari iliyopinda ndani yake ni alama ya njia ya Verneuil, na muuzaji anayekuapia kwamba kito chenye mistari hiyo kimetoka mgodini hastahili fedha yako. Risiti na itaje neno maabara waziwazi.

Ya pili ni moisanaiti, kito kinachofanana na almasi, yenye ugumu wa 9.25, ambayo hurusha rangi nyingi kuliko almasi na hupendeza mno chini ya taa za harusi. Anayependa weupe uliotulia ataiona ina makeke.

Almasi ya maabara naiweka ya tatu, si kwa upungufu wowote, bali kwa kuwa bei yake imeshuka sana na anayeinunua kama akiba atapata hasara akitaka kuiuza. Kwa ubunifu haina mpinzani: mwaka 2018 wabunifu Jony Ive na Marc Newson walibuni, kwa ajili ya mnada wa Sotheby's, pete nzima ya kuchongwa kutoka almasi moja ya maabara, bila dhahabu wala fedha.

Zumaridi ni ya nne. Rangi yake huvutia, lakini ugumu wake hauzidi 8 na moto wa kulehemu huweza kuipasua, hivyo inafaa herini kuliko pete. Ikiwa lazima iwe pete, sonara aizungushie ukingo wa fedha pande zote, na pete ikihitaji kulehemiwa baadaye, kito kitolewe kwanza.

Zirkonia, kito cha bei nafuu kinachoiga almasi, ni ya mwisho, kwa kuwa kingo zake hulika upesi katika pete ya kila siku.