Pawa saplai ya volti 30, ampea 5: yafaa karakana ya pamoja Lamu, ila kwa sharti moja

Kwa meza inayotumiwa na fundi simu asubuhi na fundi wa redio za mashua jioni, pawa saplai (kifaa cha mezani kinachotoa umeme wa DC kwa volti unazopanga) ya transfoma ya volti 30 na ampea 5 inatosha. Ni nzito, lakini haitii kelele redioni kama zile nyepesi. Sharti ni hili: iwe na kitufe cha OUTPUT, kile kinachoruhusu au kuzuia umeme kwenda kwenye klipu. Isiyo nacho msiiweke kwenye meza ya watu wengi.

Isiyo na kitufe, ukiiwasha tu, volti alizoacha mwenzako zishafika kwenye klipu. Wa redio kaacha 13.8, nawe umeshika bodi ya simu inayotaka 4. Ukiunga, IC ya chaji, ile chipu inayosimamia chaji, imekwenda. Stima ikikatika na kurudi, mambo ni yale yale: inarudi ikitoa umeme, hata kama mwenye kazi yuko msikitini.

Nyingi zina swichi ndogo ya 110/220 kwa nyuma. Itazameni kabla ya kuchomeka mara ya kwanza. Ikiwa kwenye 110, stima yetu ya 240 itakata fyuzi mkibahatika, au itachoma transfoma.

Kila anayekaa mezani aanze upya. Nobu zote azirudishe kushoto kabisa, apandishe volti hadi 5 hivi, abane klipu nyekundu na nyeusi pamoja, awashe OUTPUT, kisha afungue nobu ya ampea polepole mpaka kioo kisome anachotaka, 1.00 kwa simu. Taa ya C.C., inayoonyesha kuwa ampea zimefika kikomo alichoweka, itawaka. Atenganishe klipu, apange volti, ahakikishe kwa mita, azime OUTPUT, aunge kazi, ndipo aiwashe tena. Taa ile ikiwaka tena bodi ikiwa imeungwa, asiongeze ampea, atafute shoti. Simu inayokula ampea 0.30 kabla hujagusa kitufe chake cha kuwasha ina mahali panapovuja.

Volti zisizungushwe kazi ikiwa imeungwa. Ule mlio wa "tik" ni rilei, swichi ya ndani inayojiendesha kwa umeme, inayobadilisha njia za transfoma, na kwenye saplai za bei nafuu volti huweza kuruka hapo hapo. Tundu la kijani nalo ni athi, si hasi.

Waya za kwenye boksi ndio udhaifu mkubwa. Waya wa milimita mraba 0.2, mita moja kwenda na moja kurudi, hupoteza karibu volti 0.85 kwa ampea 5, na unapata moto. Tieni wa 1.5; hasara inashuka hadi kama volti 0.1.

Redio ya VHF, ile ya mashua, ikirusha kwa wati 25 hutaka ampea 5 hadi 6, hivyo ijaribiwe kwa wati 1. Volti zikiporomoka ukibonyeza maiki kwa wati 25, redio haina kosa; saplai ndiyo imefika kikomo.

Betri ya mashua isichajiwe hapa bila dayodi nene (hupitisha umeme upande mmoja tu) kwenye waya wa chanya, maana stima ikikatika betri husukuma umeme ndani ya saplai. Dayodi hula volti 0.7 hivi, kwa hiyo pimeni kwenye betri yenyewe, isizidi 14.4. Hakikisheni chanya na hasi mara mbili: betri ikiungwa kinyume, saplai inaungua papo hapo.

Wakati wa kusi, chumvi hushika shaba za matundu zikawa kijani. Zifuteni kwa spiriti kila wiki, saplai ikiwa imechomolewa ukutani, na nyuma yake muache upana wa kiganja ili bati la kupozea lipumue.