Aviar ya kusakia esi: uzoefu wangu Entebbe

Kwenye gofu ya diski, kama lengo lako ni esi, yaani kuingiza diski ndani ya kikapu cha chuma chenye minyororo kwa mrusho wa kwanza, weka draiva, diski ya kurusha mbali, kwenye begi na uchukue diski ya kumalizia. Mimi natumia Aviar ya kampuni ya Innova, gramu 175, plastiki ya DX, yaani daraja lao la bei nafuu, niliyoletewa na binamu yangu kutoka Marekani.

Namba zake ni 2, 3, 0 na 1. Ya kwanza ni kasi, ya pili jinsi inavyoelea, ya tatu inavyogeuka ikiwa bado na mwendo, ya nne inavyovutika pembeni ikiishiwa nguvu. Kwa sisi wa mkono wa kulia tunaorusha bekihendi, mkono ukianzia kushoto mwa mwili, hiyo 1 maana yake inaangukia kushoto kidogo tu. Ukiielekeza kwenye mnyororo, inakwenda kwenye mnyororo.

Draiva ina ukingo mwembamba na inafika na hasira. Ikigonga chuma inaruka nje. Ikikosa, unaifuata mbali huko vichakani. Aviar ina ukingo mnene na inafika imeshapoa, minyororo inaimeza. Hata ikikosa inalala karibu, unamaliza kwa mrusho wa pili bila jasho. Kwenye kikapu cha mita 50 au 60, ambako ndiko esi zinakopatikana kwa watu wa kawaida kama sisi, sioni sababu ya kutumia kitu kingine.

Tatizo ni upepo. Mchana ziwa likianza kupuliza, ukirusha kuelekea majini diski inainua pua na kupinda kulia, inapaa kama kaveera, mfuko wa plastiki. Hapo irushe chini, pua ikiwa imeinama, na uiegemeze kushoto kidogo ili upepo wenyewe uinyooshe. Upepo ukitoka mgongoni mambo yanageuka: inakata kushoto na kushuka mapema, basi lenga juu zaidi. Sisi tunacheza asubuhi, kabla ziwa halijaamka na kabla watoto hawajamaliza shule wakaja kugombania diski.

Siku moja ilipiga ukingo wa juu, ikazunguka, ikatua juu ya paa la kikapu. Wenzangu wakapiga kelele, mmoja akaanza kuagiza rolex, chapati za kukunjwa na mayai, za kusherehekea. Haihesabiki! Kanuni inataka diski ikae ndani ya kikapu au ishikwe na minyororo. Nilihesabiwa mirusho miwili, na rolex nikalipa mimi.

Plastiki laini ya daraja hili, ya kampuni yoyote ile, inachubuka upesi kwenye murram na vigogo vya miembe. Ikishachakaa inaanza kupinda kulia kuliko ilivyokuwa mpya. Wengine wanaipenda hivyo. Mimi naiweka kwa ajili ya vikapu vilivyojificha upande wa kulia. Faida yake ni kwamba inashikika vizuri hata vidole vikiwa na umande.

Rangi nayo: chagua pinki au chungwa. Mwezi wa nne nyasi zikishiba mvua, ya kijani utaitafuta kwa miguu mpaka ukanyage.

Esi rasmi bado, ila minyororo inanijua. Nyota nne. Ya tano ningeitoa kama ningeikuta dukani Kampala. Sijaiona, na kusubiri mtu asafiri kunachosha.