Uzoefu wangu: Nightcrawler wa Cockrum, na jinsi alivyonishikisha sindano

Nimemaliza kusoma kwa mara ya tatu mfululizo wa vibonzo wa Nightcrawler wa matoleo manne, ule uliotoka kati ya 1985 na 1986, na siwezi kukaa nao kimya.

Kwa asiyemjua: Nightcrawler ni Kurt Wagner, shujaa wa kundi la X-Men, Mjerumani aliyekulia kwenye sarakasi. Ana manyoya ya buluu, macho ya njano, mkia wenye ncha kama mshale. Alitokea mara ya kwanza 1975 katika Giant-Size X-Men namba 1, hadithi ya Len Wein, michoro ya Dave Cockrum. Kurasa za mwanzo zinamkuta akikimbizwa na wanakijiji wenye mienge, kwa macho yao ni shetani. Na huyo huyo ni Mkatoliki anayesali. Uwezo wake ni kutoweka hapa na kuibuka pale, akiacha moshi, harufu ya kiberiti na neno moja: BAMF.

Neno hilo ndilo lililoniteka. Shujaa anayepaa utamchora angani, anayekimbia utamwekea mistari kisogoni. Kurt yuko kisanduku hiki, mara yuko kile, katikati pana wingu tu. Safari yenyewe anaimaliza msomaji. Naamini ndiyo maana mashabiki wake hawatulii, kila mmoja anataka kuonyesha alichokiona ndani ya lile wingu.

Mfululizo huu Cockrum aliuandika na kuuchora mwenyewe, na mapenzi yanaonekana. Kurt anacheka akipigana, upanga wa ziada ameukamata kwa mkia. Hadithi yenyewe ni nyepesi, inarukaruka kutoka ulimwengu mmoja hadi mwingine, na maadui hawakunitisha. Sikujali, kwani humo wamo Bamf.

Hawa walianzia Uncanny X-Men namba 153, ya 1982, Kitty Pryde, mwenzake Kurt kundini, alipokuwa akimsimulia mtoto Illyana hadithi ya kumlaza: vijitu vidogo vya buluu, sura ya Kurt, utundu wa mtoto. Mashabiki wakawachukua moja kwa moja. Wanawashona, wanawafuma kwa krosheti, wanawafinyanga.

Nami nikashona wangu, kwa kitambaa cha manyoya mafupi. Mkono wa Kurt una vidole vitatu tu, na nikagundua vitatu ni vigumu kuliko vitano, maana mshono mmoja ukipinda unaonekana papo hapo. Mkia niliujaza pamba, ukalegea. Nikafumua, nikapitisha waya mwembamba uliozungushiwa kitambaa. Sasa unajikunja na kubaki hivyo hivyo, na nilipouona umesimama nilifurahi kupita kiasi.

Jambo moja limeniudhi. Programu niliyosomea inakuza kisanduku kimoja baada ya kingine, na kwa Kurt huko ni kumharibu. Kwenye ukurasa mzima jicho linanasa moshi juu kushoto na ncha ya mkia chini kulia kwa pamoja, ndipo unashtuka. Kizimeni hicho kipengele, au tafuteni nakala ya karatasi.

Anzeni na ile ya 1975, kisha namba 153, ndipo mje huku. Mimi Bamf wa pili yuko mezani, bado hana macho, natafuta uzi wa njano uliokolea.