Mkono wangu uligoma kuachia mpira: nilivyotibiwa na mtaalamu wa saikolojia nikiwa Mtwara

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara, na kwenye netiboli nacheza GS, yaani mfungaji mkuu, tangu sekondari. Mwaka jana, tukijiandaa na SHIMISEMITA, michezo ya watumishi wa serikali za mitaa, mkono wa kulia ulianza kugoma. Nanyanyua mpira, nalenga, kiwiko kinakakamaa na vidole haviachii. Mfungaji ana sekunde 3 tu, kwa hiyo filimbi inalia mpira ungali kichwani kama nimejitwisha ndoo. Ajabu, nikiandika ubaoni au nikitwanga, mkono mzima kabisa.

Nyumbani wakasema nimechezewa. Kocha akasema woga. Mimi nikaongeza mazoezi, mashuti 200 kila jioni, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Shoga yangu wa Dar akaniunganisha na mtaalamu wa saikolojia ya michezo anayetibu kwa simu ya video, shilingi 40,000 kwa saa. Nilimwamini alipokataa kuanza kabla sijaonwa na daktari. Alisema kukakamaa kwa namna hii wakati mwingine ni distonia, ugonjwa wa ubongo unavyoongoza misuli, na maneno peke yake hayatoshi. Nikapimwa, sikukutwa na kitu, tukaanza.

Nilijiandaa kuulizwa habari za utotoni. Wapi! Alitaka nimsimulie penalti moja niliyokosa mbele ya watu, tena na tena, mpaka nikachoka kuionea aibu. Akaniambia wacheza gofu hali hii wanaiita yipsi: mwili umeshakizoea kitendo, wewe unaanza kukisimamia, kinavurugika. Ni kama kushuka ngazi huku unahesabu miguu. Bernhard Langer wa Ujerumani mkono ulimsumbua miaka mingi, akawa anabadilisha namna ya kushika fimbo, na bado alishinda Masters, mashindano makubwa ya gofu, mwaka 1985 na 1993. Sijawahi kuona gofu ikichezwa, lakini siku hiyo nililala vizuri.

Kisha kazi. Marufuku kufikiria mkono. Nisimame chini kabisa ya ringi, nishushe pumzi, nitazame ukingo wa nyuma, huku moyoni naimba wimbo wa kuhesabu wa watoto wangu wa darasa la kwanza. Nikifunga bila kukwama, narudi nyuma hatua moja. Wiki 3 sikuona kitu, nikataka kuacha. Wiki ya 5 mpira ukaondoka mkononi kabla sijajua.

Lawama zangu: mtandao ulikata mara nyingi na saa yangu haikufidiwa. Tena hakuniona nikirusha mpaka nilipompa mwanangu ashike simu uwanjani, wazo langu, si lake. Vipindi 8 ni 320,000, hela ya korosho za mama, na mama hajasahau.

Mazoezini sasa naachia vizuri. Kwenye mechi yenye kelele bado hukwama mara moja moja, hapo nampasia GA, mfungaji mwenzangu. Mtaalamu nampa nyota 4, ya tano nitampa akirudisha dakika zangu.